Shati Jeusi la Hollis

Nyumbani kwa Bi Ottinger,
Mtaa wa Gower,
Hollywood, California.
Jumatatu, 6 Mei 1935

Mpendwa dada Oleta,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Virgil na watoto. Je, vumbi limepungua huko? Katika barua yako umesema mnalala na vitambaa vibichi usoni, na sahani mnazifunika kifudifudi mpaka dakika ya kula. Nilipoisoma nilihisi mchanga katikati ya meno yangu mwenyewe. Na kikohozi cha Mama je? Daktari amekuja tena, au bado anatuma dawa kwa mkono wa mtu? Niambie kweli, usinifiche kwa kuwa niko mbali.

Mimi mwili hauna neno. Nakula maharage asubuhi, na jioni nakunywa supu ya Bi Ottinger, ambayo nadhani kuku aliipitia kwa mbali tu akaendelea na safari zake. Lakini nina paa juu ya kichwa, na wako wengi hapa wasiokuwa nalo.

Barua yako ilifika Alhamisi nikaisoma nimesimama ngazini. Nilipofika pale uliposema kwamba picha ya sinema yetu imebandikwa mlangoni pa ukumbi wa sinema mjini Guymon, na kwamba tarehe 18 Virgil atampeleka Mama kwa lori kama zawadi ya kuzaliwa kwake, nilikaa chini. Kisha nikayasoma maneno yake mwenyewe uliyoyanukuu: "Nikimwona Elzie wangu usoni mara moja tu, basi vumbi lifanye litakalo." Nimekaa na maneno hayo siku nne, Oleta.

Usimpeleke. Hilo ndilo nililoandika kwanza, kwenye karatasi tatu, na zote nimezichana. Ungeniuliza kwa nini, nami ningelazimika kutunga uongo mwingine juu ya ule wa zamani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho hapa mezani.

Ngoja nikueleze sinema yenyewe ilivyo. Unajua kazi zetu: siku tano, farasi kumi na wawili, majabali yale yale ya Lone Pine yanayogeuzwa Texas leo na Mexico kesho. Siku hizi mabwana wa kampuni wamegundua kwamba watu wanapenda wachunga ng'ombe na wanapenda kutishwa, basi kwa nini wasiwape vyote kwa tiketi moja? Kwa hiyo kila nyumba ya shamba la ng'ombe sasa ina mlango wa siri nyuma ya kabati, picha ukutani inayozungusha macho, na mifupa ya mtu inayodondoka ukifungua stoo. Kuna mkono wenye glavu nyeusi unaotokea ukutani kumkaba msichana. Mkono huo mara mbili umekuwa wangu. Usiku wenyewe tunaupiga picha saa sita mchana, kioo cheusi mbele ya kamera, nasi tunatetemeka kwa baridi huku jasho linatutiririka hadi viatuni.

Na mwisho ni ule ule. Mzuka unavuliwa kitambaa usoni, kumbe ni jirani, au wakili, aliyejua kwamba chini ya sakafu kuna fedha. Nimecheza saba za namna hiyo na sijakutana na maiti hata mmoja. Nadhani hilo ndilo watu wanalokuja kununua. Wanaogopa kidogo, halafu wanaambiwa hakukuwa na kitu.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Kampuni hizi hazitupi kitu. Kitu kigumu kupigwa picha, kama nyumba inayoungua, ng'ombe elfu wanaokimbia, au farasi anayeporomoka kwenye genge la mlima, kinapigwa mara moja tu, kinahifadhiwa kwenye makopo, na miaka baadaye kinapachikwa kwenye sinema nyingine yenye jina jingine. Wanachohitaji ni mtu wa kufanana na yule wa zamani, avae nguo zile zile na apande farasi wa rangi ile ile. Hapa kila mtu anafanya hivyo na hakuna anayeona haya.

Mwezi wa pili mwongozaji wetu, Bwana Brockway, aliniita uani. "Tackett, safari hii utapata uso," akasema. Nikamuuliza uso gani. "Wako, mjinga wewe! Utakuwa mzuka. Mpanda farasi wa nyumba ya mizuka. Anaanguka gengeni, anainuka. Anaanguka, anainuka. Wachunga ng'ombe wote wanatimua mbio. Mwisho tunakivua kitambaa, na uso wako unajaa ukuta mzima." Kisha akatazama viatu vyake. "Lile shati jeusi la mdogo wako unalo bado?"

Nilielewa papo hapo kilichokuwa ndani ya kopo, na nikajibu ndiyo.

Dada, kaa chini kabla hujaendelea.

Hollis hakufa kwa homa ya mapafu. Nilikuandikia hivyo mwaka 1931, na Mama nikamwandikia hivyo, nikaongeza na mchungaji aliyemshika mkono. Hakukuwa na mchungaji. Alianguka na farasi kutoka kwenye genge, mbele ya kamera, na farasi akabingirika juu yake mara mbili. Aliishi siku tatu. Nilipokuwa naye hospitalini hakuuliza jambo jingine ila kama farasi yu mzima. Farasi alikuwa mzima.

Na kuanguka kule kulikuwa zamu yangu. Hilo ndilo sijamwambia mtu yeyote aliye hai. Jina langu ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya siku ile. Nilipanda juu, nikachungulia korongo. Nikasema bega linaniuma. Tuck Ramsey, mwenzetu aliyelipwa kuanguka mbele ya kamera kama sisi, akacheka mpaka akashika tumbo: "Bega lako lina macho, Tackett? Mbona limeanza kuuma lilipoona shimo?"

Hollis alikuwa amekaa juu ya uzio anakula tofaa. Akaruka chini, akaja, akashika hatamu. "Shuka, kaka mkubwa," akasema, "usiwape watu cha kucheka. Nishikie kofia mpaka nirudi." Nikashuka. Mziwanda wetu, Oleta, niliyemtoa mwenyewe Oklahoma kwa kumwahidi kwamba huku farasi hulipwa vizuri kuliko wakulima. Nilisimama nimeshika kofia yake kama mtu anayengoja kanisani.

Shati unalikumbuka. Mama alimshonea kwa mkono, jeusi, lenye uzi mnene mweupe mabegani, kwa sababu alilalamika kwamba kwenye sinema sote tunafanana kwa vumbi na hawezi kujua mwanawe ni yupi. "Sasa nitakujua hata kwa mbali," alimwandikia. Kwa hiyo usijitulize kwamba macho yake yamefifia. Sahau uso, sahau jina. Mshono wake atautambua.

Basi mwezi wa pili nikalivaa. Fundi wa nguo alikuwa ameliziba lilipochanika, kwa uzi usiofanana. Farasi wa zamani aliuzwa, wakamtafuta mwingine wakampaka madoa kwa chokaa, na kila akitoka jasho madoa yakamtiririka tumboni ikabidi tungoje apakwe upya. Kichwa wazi, kitambaa puani, nikamkimbiza mpaka ukingoni, nikamzuia. Hapo ndipo kazi yangu ya juu ilipoishia. Kuanguka kulikwisha kufanywa.

Wakanishusha korongoni. Brockway alikuwa na kipande cha ile filamu ya zamani mkononi, akikiinua kwenye jua ili nifanane. "Lala ubavu wa kushoto. Mkono chini ya kifua. Goti lipinde kidogo. Hapo hapo!" Nikalala kwenye mchanga ule ule, kama Hollis alivyolala. "Haya, inuka!"

Niliinuka mara sita. Mara ya sita akatupa kofia yake chini. "We Tackett, wewe ni mzuka! Watu wakuogope! Unainuka kama mtu anayeomba radhi!" Wote wakacheka ila Tuck. Tuck aligeuka akaanza kukaza tandiko ambalo lilikuwa limekazwa tayari.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Mildred Sauer, yule mama anayekata na kuunganisha filamu, nikamwomba anionyeshe. Nilijiona nakimbia hadi ukingoni. Kisha ni yeye, Hollis. Anaanguka, Oleta, muda wa kuhesabu moja hadi nne, mchanga unapanda, na mchanga ukitulia mtu aliyelala anajikusanya, anainuka, anapangusa shati. Kwa nukta moja niliamini. Najua ni mimi, nakumbuka mawe yaliyonichoma ubavu, na bado niliamini. Nikamwomba arudie. Akarudia mara tano. Kisha akawasha taa, akasema, "Basi, Elzie. Inatosha." Nilitoka nje nikalia kama mtoto, mchana kweupe, watu wanapita na vikombe vyao vya kahawa.

Tangu hapo siwezi kupanda farasi. Nikitia mguu kwenye kikuku cha tandiko mwili mzima unakataa. Bwana mmoja amenipa kazi ya kufagia zizi, nami nafagia. Sioni mbele yangu kitu chochote ninachokitaka. Nakuambia hivyo kwa sababu leo nimeamua kutokuambia jambo jingine lolote ila la kweli.

Utauliza kwa nini nilikubali, na zaidi, kwa nini nilikuandikia nikijisifu kwamba uso wangu utaonekana. Nilikubali kwa sababu kazi ni chache na nilikuwa mwoga wa kukataa, kama nilivyokuwa mwoga wa kuruka. Kuhusu kujisifu, nilidhani sinema kama hizi haziwezi kufika Guymon. Upumbavu ulioje! Zinafika Guymon tu. Miji mikubwa haizitaki.

Hapo awali nilikusudia kukuomba wewe umwambie Mama, taratibu, kwa ulimi wako mzuri. Nilikwisha kuandika ombi hilo. Kisha nikajiona nimesimama tena pembeni, nimeshika kofia, na mwingine anapanda farasi wangu. Nikalifuta. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha miaka minne.

Kwa hiyo nimeweka humu karatasi ya pili, ya Mama. Msomee kama ilivyo, wala usipunguze ukali wa neno lolote. Kisha achague mwenyewe kama anataka kwenda au abaki nyumbani. Na wewe, ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa. Ila niandikie mstari mmoja tu kunijulisha hali yake.

Nisalimie Virgil, na umwambie asiwauze ng'ombe wawili waliobaki kabla ya mvua kujaribu mara moja zaidi. Watoto, Wendell na Nadine, wapige busu kila mmoja. Shangazi Zella msalimie kwa sauti kubwa, kwa sikio lake lile zima. Mungu awanyeshee, dada yangu, hata kama mimi sistahili kumwomba.

Ni mimi ndugu yako uliyebakiwa naye, anayekupenda,
Elzie


Mama,

Anayesoma ni Oleta, lakini maneno ni yangu.

Hollis hakufa kwa homa. Alianguka na farasi kwenye genge siku ambayo ilikuwa zamu yangu kuanguka. Niliogopa, akapanda yeye. Kisha nikakuandikia uongo, nawe ukanijibu ukinishukuru kwa kumuuguza mdogo wangu. Barua hiyo ninayo. Sijaweza kuisoma mara ya pili.

Ukienda Jumamosi hiyo, utamjua kwa shati. Anaanguka mara tatu, kwa sababu wamekirudia kipande hicho mara tatu. Kila mara utaona anainuka. Mama, tafadhali usimwite. Anayeinuka ni mimi.

Mwishoni watanivua kitambaa, na utaniona uso kama ulivyotaka. Niliambiwa nikae kama mtu aliyekamatwa. Sikuhitaji kufundishwa.

Utamwona hana kofia. Aliniambia nimshikie mpaka arudi. Ninayo bado.

Elzie