Marido Mupya na Avenue Yote

Maman, hautaamini yenye imefanyika hapa Beni! Asubuhi nilishusha marido ya zamani kwa madirisha juu nitundike collection ya ule styliste wa Kinshasa, yenye magasin ya hapa inauzisha bei kidogo. Jirani wetu Mama Kasonia kuona madirisha wazi, akapiga kelele: «Bale banakimbia vita!» Avenue yote ikafunga mizigo. Nikalalamika: «Ni marido tu, bamama!» Hakuna mutu alisikia. Mama Kasonia ameshika barabara ya Butembo kwa miguu, na mimba ya miezi munane. Namupigia, telephone haipite. Naenda kumurudisha, hata kwa miguu. Ukifika ku nyumba, maharagi iko kwa makala, ongeza maji. ~~Rudisha marido ya zamani.~~ Hapana! Ukishusha tena, batakimbia tena. Maman, wewe ungefanya nini?

Sagesse, binti yako mukubwa