Kunde za Mama Kwenye Sinia

Umoja, Mtaa wa Pili,
Nairobi.
Aprili, 1997.

Kwa mdogo wangu mpendwa Job,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi huku tu wazima, Mungu anatuchunga. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba mke wako amepona kifua kilichokuwa kikimsumbua. Mvua imeshika huko? Huku inanyesha na kutuachia matope hadi kwenye ngazi.

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaikunja, kisha nikaifungua nikaisoma tena. Unasema nimemficha Mama Nairobi, na kwamba utakuja mwenyewe kumchukua. Sikukasirika. Ningekuwa wewe, huenda ningeandika makali zaidi. Lakini tulia kwanza nikusimulie anavyoishi hapa.

Alipofika, aliniuliza shamba letu liko wapi. Nikampeleka kwenye kibaraza mbele ya mlango wetu, ghorofa ya tatu, akacheka hadi machozi. Kisha akatuma watoto wamletee udongo, akaujaza kwenye karai na kupanda kunde. Mvua kubwa ikanyesha, udongo ukateremka na maji ukaziba mtaro wa ploti nzima. Caleb, keateka anayetuangalizia jengo, akapanda ngazi akabeba karai na kulimwaga nje, akasema mwenye ploti hataki kuona hata kijiko cha udongo huku juu. Tangu hapo Mama akawa anadokoa tu chakula, nami nikaanza kuogopa.

Dawa aliipata mwenyewe. Kunde chache alizoloweka za kupika zilibaki ndani ya kitambaa kibichi, akazisahau. Alipozigusa, zilikuwa zimetoa mizizi na shingo. Akaniita, "Everline, hizi hazijaniomba udongo!"

Tangu siku hiyo dirisha letu ni shamba. Mbegu ni zile alizobeba kutoka nyumbani, kwa sababu za dukani zimepakwa dawa naye hataki sumu chunguni. Analoweka usiku kucha, anatandika kipande cha gunia safi kwenye sinia, analilowesha na kumwaga kunde zikae karibu karibu bila kulaliana. Anafunika kwa sinia jingine mpaka zianze kulisukuma juu, ndipo anazipeleka kwenye mwanga. Mbolea ya dukani hakuna, samadi hakuna, ni maji tu ya kunyunyiza kwa vidole. Majani mawili ya kwanza yakifunguka, tunakata kwa makasi, tunakaanga na kitunguu na nyanya, na ugali haubaki. Mchicha pia ameujaribu ukakubali. Caleb alipokuja kukagua alitafuta udongo hadi chini ya kitanda, akakosa. Siku hizi mke wake hutuma sahani ijazwe. Mama amenenepa, Job, na anawaamuru wanawake wa ploti hii kana kwamba alizaliwa hapa.

Sasa kaa chini. Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta akijisifia sinia moja, ati hilo limekubali kuliko yote. Nilipotazama, lilikuwa limejaa ukungu mweupe kama pamba. Mama alikuwa akipitisha kiganja juu yake, akidhani ule ulaini ni majani machanga.

Nikamuuliza, "Mama, mimi unaniona?"

"Naona mtu amesimama mlangoni," akasema. "Kwamba ni wewe, najua kwa mlio wa miguu yako."

Ndipo akanieleza yote. Kunde zako za msimu uliopita, zile ulizosema jirani yako Luseno amezing'oa kwa ugomvi wa mpaka, ukampeleka mbele ya mzee wa kijiji hadi akatozwa jogoo akulipe, hakuzing'oa Luseno. Ni Mama. Aliamka mapema akusaidie kupalilia, na machoni pake magugu na kunde vilikuwa kitu kimoja. Alipokusikia ukimtukana Luseno uani, aibu ikamfunga mdomo. Aliogopa pia kwamba mkijua mtamnyang'anya jembe na kumwekea kiti kivulini kama mtu aliyekwisha. Ndiyo maana alipanda basi bila kukuaga. Mimi sikumficha. Alijificha mwenyewe.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, na hutolewa. Jicho la kulia limeshapasuliwa, la kushoto ni mwezi ujao. Siku bandeji ilipotolewa alinitazama sana, kisha akauliza nimeota mvi tangu lini, na kwa nini hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo usije kumchukua. Njoo umsalimie, tutafurahi. Macho yote mawili yakipona atarudi kwa miguu yake, na amesema atapitia kwa Luseno kabla ya kuingia kwako, akaseme kwa kinywa chake. Lakini wewe usimngoje. Nenda kwake leo, barua hii ikiwa bado mkononi, na jogoo wa kumrudishia uchague yule mkubwa.

Wasalimie wote wa boma, na mama watoto umwambie asikae na kifua hicho bila kwenda zahanati. Mama anakusalimu. Ameketi hapa kando yangu anachambua mbegu, na ananiambia mwandiko wangu ni mbaya.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Everline