Kosta Kwenye Kona ya Misheni

Alhamisi, Matombo

Bado masikio yananivuma! Mdogo wangu Kosta, fundi wa gereji mjini, amepita leo akijaribu njia kabla ya mbio za magari za Jumamosi.

Mimi na Mwalimu Zuhura tulisimama juu ya kona ya misheni tukibishana. Yeye alishikilia kwamba gari jeupe lililotangulia ndilo litakaloshinda. Mara Kosta akaja mbio, gari likateleza kwenye tope mpaka ukingoni mwa korongo. Nikafumba macho.

"Limetoka! Limetoka!" Zuhura akanitikisa.

Kosta akachungulia dirishani. "Shikamoo, dada!"

"Punguza mwendo!" nikapiga kelele. Hata marahaba sikuitikia.

Wingu limetanda mlimani, na mvua ikinyesha kona ile itakuwa mbaya zaidi. Naogopa. Lakini sijawahi kujivunia mtu namna hii.