Lori Nililokusingizia

Mkumbo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hospitali ya misheni. Mvua inanyesha, na mimi dereva sina gari la kuendesha. Usicheke. Najua ungekuwa hai ungecheka kwanza, kisha ndiyo uniulize kulikoni, na mimi ningenuna kama kawaida yangu.

Ni miezi sita tangu tukuzike. Homa ya mapafu ilikuchukua katikati ya ile baridi yenye upepo, na watu walikuja kukulilia kutoka Shelui mpaka Itigi. Niliwatazama wakishuka kilimani makundi kwa makundi nikajiuliza, mimi nikifa watakuja wangapi? Ndiyo, siku ya maziko yako nilikuwa nahesabu watu. Nianze basi na lililo moyoni: nakuonea wivu. Nilikuonea ukiwa hai, nikadhani ukishafukiwa wivu utakwisha. Haukwisha. Wahenga walisema hasidi hana sababu, lakini mimi sababu ninazo, tena nyingi.

Sote wawili tulichukuliwa jeshini mwaka mmoja, tukavaa kaptula za aina moja. Wewe wakakupeleka Bama kwenye vita na Wajapani, ukaendesha malori ya risasi kwenye matope ya misituni. Mimi wakaniacha Nairobi nikimwendesha afisa mmoja mnene juu ya lami, asubuhi ofisini, jioni nyumbani. Tuliporudi, watu walikuuliza habari za vita. Mimi waliniuliza kama ni kweli Nairobi kuna baridi. Misheni ikakuandika wewe dereva wa kwanza, mimi wa pili, na sikumbuki mtu yeyote aliyeona haja ya kufikiri mara mbili.

Halafu ule mtindo wako wa masika. Mbuga ya Wembere ikishaloa, ulikuwa unasimamisha gari pembeni, unavua viatu, unakunja suruali, unatangulia peku kwenye udongo mweusi. Tope likiishia kisiginoni, unapita. Likipanda hadi kifundo cha mguu, unatafuta njia nyingine, hata kama ni ya kuzunguka nusu siku. Abiria walikaa kimya kama wako kanisani. Siku moja nami nilivua viatu nikatangulia hivyo hivyo. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma ya gari: "Kitundu, umedondosha nini huko chini?" Uliposimuliwa ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi sikula chakula cha jioni.

Lakini yapo mengine, nisiwe mchoyo. Unakumbuka tulivyokwenda Itigi kupokea masanduku ya dawa kwenye treni? Ulinunua asali ya kibuyu tukaila kwa vidole palepale stesheni, na safari nzima ya kurudi ukaniachia usukani. Nilikuwa nimevimba kwa hasira, nikijua umefumba macho makusudi ili unipime ninavyobadili gea. Nikageuka kukutazama, kumbe unakoroma kweli, mdomo wazi, asali kwenye ndevu. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kulala usingizi wa namna ile nikiwa naendesha mimi. Nakukumbuka, Mkumbo. Kuna siku nakukumbuka mpaka nakasirika.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Unajua gari letu la zamani lilivyokufa kabla yako, na wazee wa usharika wakakuomba wewe uchague jipya, la kuvuka mbuga wakati wa mvua kufuata wagonjwa. Ulikuwa kitandani tayari, kwa hiyo wakanituma mimi Singida mjini nikawe macho yako. Nilikuta mawili kwenye uwanja wa mfanyabiashara. Moja dogo, fupi, la turubai, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Jingine lori refu, tairi pacha nyuma, kiti kiko juu kama mimbari, na honi yake inasikika kilima cha pili. Nilipanda kwenye lile lori nikakaa. Nikajiona naingia nalo Shelui, watoto wanakimbia, na watu wanauliza dereva yule ni nani.

Nilirudi nikakaa kando ya kitanda chako nikakueleza yote mawili. Hukumaliza hata kunisikiliza. Ulikohoa, ukanishika mkono, ukasema: "Chukua lile dogo, Kitundu. Tairi pacha ni za barabarani. Mbugani zitakula udongo katikati mpaka zishindwe kuzunguka." Siku ya tatu hukuwepo.

Matanga yalipoisha, wazee wakakaa, Baba Mchungaji katikati. Nilikuwa nimekaa mbele yao, leseni mfukoni, dereva pekee aliyebaki hai. Swali likaja: "Marehemu alisemaje?" Hakuna aliyesema, wewe Kitundu unaonaje? Hakuna! Magari niliyaona mimi, niliyagusa mimi, na bado walitaka kauli ya mtu aliye chini ya udongo.

Nikawapa. Nikasema, "Marehemu alisema tuchukue lori."

Wewe unajua kwetu ilivyo. Kauli ya mtu aliyekufa haipingwi, hasa kaburi lake likiwa bado bichi. Mzee mmoja aliyekuwa akililia lile dogo alifunga mdomo palepale. Baba Mchungaji akaomba, tukaitikia amina, mambo yakaisha. Na unajua kilichoniuma nikitoka pale? Hata katika uongo wangu mwenyewe, sauti iliyoshinda ilikuwa yako.

Kiangazi kile chote nilikuwa bwana mkubwa. Nilipiga honi hata pasipo na mtu. Watu walinitania, "Kufa kufaana, Kitundu!" nami nikacheka nao. Kisha mvua zikaanza.

Wiki tatu zilizopita tuliitwa ng'ambo ya mbuga kumchukua mama mwenye uchungu wa uzazi, siku ya pili hajajifungua. Nilifika salama, kulikuwa na jua kidogo. Kurudi, katikati ya Wembere, mvua ikashuka. Sikuvua viatu. Niliogopa yule mama aliyenitania siku ile atakuwa miongoni mwa abiria. Nikakanyaga mafuta. Udongo ukaingia kati ya zile tairi pacha, ukajaa, ukakaza, zikawa gurudumu moja la tope kama ulivyosema, na lori likakaa chini kwa tumbo. Tulichimba kwa majembe na mikono. Tuliweka matawi, tuliweka hata shuka langu. Wapi!

Wanaume sita tuliokuwa nao garini wakambeba yule mgonjwa juu ya kitanda cha kamba, maji yakiwafika kiunoni, naye akiita jina la mama yake. Nilitembea nyuma yao nimebeba kichupa cha dawa, kazi ambayo ingefanywa na mtu yeyote. Walifika. Mama mzima, mtoto mzima, Mungu apewe sifa, lakini mganga wa hospitali alisema saa moja zaidi tungekuwa tunazungumza mengine.

Basi wakaanza kusema. "Kumbe Mkumbo naye magari hakuyajua." "Bama gani hiyo, labda alikuwa akipika." Sitakuficha kitu: siku ya kwanza nilifurahi. Nilikwenda kulala nikitabasamu, mtu mzima mwenye watoto wanne. Siku ya pili nikangoja lawama yangu, maana nilikuwa na mimi mle garini, mikono yangu ndiyo ilikuwa kwenye usukani. Haikuja. Wanasema, "Maskini Kitundu, alifuata tu kauli ya marehemu." Mkumbo, hata lawama umenipora! Nimezamisha lori la misheni katikati ya mbuga na bado hawakuona kama ni mimi niliyelizamisha.

Lakini mkeo anateseka. Kisimani wanawake wananyamaza akifika, au wanaongea kwa sauti makusudi. Siku hizi anateka maji jua la utosini, wakati hakuna mtu. Nilimwona akipanda peke yake na ndoo kichwani, na ule utamu wote wa siku ya kwanza ukanigeukia mdomoni.

Jana nikaenda kumwambia kweli. Alikuwa shambani anapalilia mtama. Nilisimama kwenye kingo za shamba nikaanza, "Shemeji, lile lori..." Hakuacha jembe. Akasema, "Nilikuwa mlangoni nakoroga uji wake. Nilisikia alichokuambia."

Amejua muda wote huo! Nikamuuliza kwa nini amevumilia maneno ya watu. Akasimama, akajifuta jasho, akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyechelewa kukua. "Baba Mchungaji alitaka kuleta dereva kutoka mjini. Mkumbo alimwita hapa nyumbani, akamwomba usukani ubaki kwako. Alisema hakuna dereva mwingine anayeweza kumwendesha naye akalala usingizi. Ningekuita mwongo, wangekufukuza. Ningelivunja ombi lake la mwisho kwa mkono wangu." Kisha akarudi kwenye mtama wake.

Nilidhani hicho kimoja nilikipata mwenyewe. Kile kiti. Nilidhani nimekirithi kwa kuwa nilistahili, au basi kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Kumbe nacho umenipa wewe, ukiwa huna pumzi ya kupanda ngazi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na wewe njia nzima, na nilipofika kwenye lile jiwe ulipokuwa ukinisubiri asubuhi, nikakaa. Nikalia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuna aliyenionya kwamba mwisho wake ningekukuta wewe.

Jumapili, baada ya ibada, kabla watu hawajatoka, nitasimama. Nitawaambia ulichagua lile dogo, na lori nililitaka mimi kwa ajili ya kiti na honi. Nimeshamwomba Baba Mchungaji nafasi, ingawa hajui ni ya nini. Najua watakachosema. Watasema, "Tulijua tu, Mkumbo asingekosea," na utasifiwa upya, na mimi nitakaa pale nisikilize mpaka mwisho. Usukani wakiuchukua, wauchukue. Mkeo atateka maji asubuhi pamoja na wenzake.

Pumzika, ndugu yangu. Wivu bado ninao, sikudanganyi tena, nimechoka kukudanganya.

Jumatatu nitachukua jembe na jeki nikalitoe lile lori mbugani, hata likinichukua mwezi. Hilo moja, Mkumbo, tafadhali, usinisaidie.

Wako,
Kitundu