Hodi kwenye Jengo Lisilo na Mlango

Shikamoo mama. Huku Mbweni jua linachoma, ila lile jengo la chuo nililolichora halihitaji kiyoyozi. Katikati tumeacha wazi ili upepo wa bahari upite, na majirani pia wapite kwenda bustanini.

Yaani, ndivyo nilivyopanga. Leo mama mmoja muuza vitumbua kasimama kwenye nguzo ya kwanza, akaita, "Hodi!" Kimya. Akageuka azungukie juani. Nikamkimbilia: "Mama, hii ni njia, pita tu."

"Nipite bila kukaribishwa? Kwani mie mwizi?"

Nikasema karibu, akapita. Kwenye ramani nilichora upepo, kivuli, hata miti. Wa kuitikia hodi nikamsahau. Nimekukumbuka mama, wewe unayesema karibu kabla mtu hajafika mlangoni.

Mwanao, Neema