Vifuniko vya Krenki Kwenye Bakuli la Matunda

Baba Prudence,

Nimepanda basi la Kibondo. Krenki ya injini ya lile gari la spoti nimeipakata ndani ya kitenge kama mtoto, nampelekea fundi mwenye mashine ya kuichonga. Maharage yapo kwenye sufuria, ugali songeni wenyewe. Mafuta ya kupikia ni yale ya dumu dogo. Ya dumu kubwa ni ya injini, tafadhali.

Sasa ya asubuhi. Najua nilikufokea mbele ya mama yako. Lakini vile vifuniko vinavyoishika krenki nilivipanga mezani kwa mfuatano, kwa sababu kila kimoja lazima kirudi kilipotoka, la sivyo krenki haizunguki. Wewe ukaviosha kwa sabuni ukavirundika kwenye bakuli la matunda, eti mama yako ni mgeni, asione uchafu. Mama akachukua kimoja akauliza, "Hivi navyo mnakula?" Hapo ndipo nilipochemka. Bwana harusi analitaka gari lake Jumamosi, na mimi sikujua tena kipi cha mbele, kipi cha nyuma.

~~Usiguse tena kitu changu chochote.~~

Nimefuta. Ulipotoka nilivigeuza nikakuta kila kimoja kimegongwa namba ya nafasi yake. Injini ya aina hii sijawahi kuifungua, na namba zilikuwa zimefunikwa na masizi. Bila sabuni yako nisingeziona.

Osha na pistoni, moja moja, uziache zilivyopangwa. Mama akiuliza, mwambie bado nimekasirika.

Mama Prudence