Babu, Wanawake Uliowapeleka Mkongeni

Kwako Babu,

Shikamoo yako nimeizuia. Nilikupa za kutosha ulipokuwa hai, asubuhi na jioni, kichwa nimekiinamisha, na wewe ukaniitikia marahaba huku ukitazama kwingine. Hii ni barua ya kwanza kukuandikia tangu tukuzike. Naiandika wazi ili isomwe na kila aliyekupenda, maana waliokupenda ni wengi na wana haki ya kujua walimpenda nani.

Yetu mimi na wewe siyakani. Kila likizo baba alinileta kutoka Ngamiani, mjini, mpaka kijijini kwako, upande wa Moa, na kazi yangu ilikuwa kukushikia birika ukitawadha. Niliipenda kazi ile. Ulinifundisha kumimina taratibu, maji yasiruke, na ukimaliza uliniwekea kiganja chenye ubaridi kisogoni. Samaki akiletwa mkekani, kichwa kilikuwa chako, lakini nyama ya shavu uliitoa kwa vidole ukanilisha mimi kabla ya wajukuu wa kiume. Niliamini hakuna mtu mkubwa kukushinda.

Ukishashiba ulitusimulia ujumbe wako, ulivyokuwa mkuu wa kijiji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza walitaka katani kwa ajili ya kamba za meli, wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa uaskari, basi majumbe wakaamriwa watoe wanawake waende kwenye mashamba ya mkonge kuanika singa, zile nyuzi za mkonge, na kulima mihogo ya kulisha kambi. Ulikuwa ukisema: "Kwangu hakwenda mtu kwa nguvu. Niliwaita, wakaitika." Halafu ulilitoa koti lako lenye vifungo vya shaba, zawadi ya serikali, na sisi watoto tukagombania kuvisugua kwa limau.

Hata siku moja hukutwambia ni nani aliyerudi. Na sisi, tumeshika vipande vya limau, hatukuuliza.

Mwaka jana walikuja kijijini watu wa anwani za makazi, kila njia ipate jina na kibao chake. Baba Mkubwa Athumani, mwanao wa kwa Bi Mkubwa, mkeo wa kwanza, akataka njia itokayo msikitini hadi shuleni iitwe Mtaa wa Jumbe Mbwana. Kikao kikaomba historia yako fupi, na kwa kuwa mimi nafundisha historia sekondari, nikapewa mimi niiandike. Nilikubali kwa furaha. Nikaona nianze na hao wanawake walioitika, kwa sababu kwangu mimi ndiyo iliyokuwa sifa yako kubwa.

Kwanza nilikwenda mjini kuuliza ofisini kama kuna popote walipokumbukwa. Bwana mmoja mwenye tai alinisikiliza huku anatafuna karanga. Akaniambia kwamba waliokufa vitani ni askari. "Hao walikuwa vibarua, mwalimu. Kibarua akifa, kafa tu." Nikapita kwenye makaburi ya askari. Nyasi zimekatwa, mawe yamenyooka, kila mmoja na jina lake. Sikuwaonea wivu, ni maiti za watu. Ila yule bwana na karanga zake nilimwona mdogo sana. Sikujua bado kwamba kuna mdogo kuliko yeye, na kwamba ndiye nimekuja kumwandikia sifa.

Basi nikarudi kijijini, nikaanza kupiga hodi. Nilipewa majina, tena kwa sauti ya chini, watu wakitupa jicho mlangoni kwanza. Bi Tatu, mjane. Bi Mgeni, aliyekuwa hana kaka wala mjomba. Mwanamkuu, ambaye mumewe alikuwa uaskarini ng'ambo. Ndipo nikaona namna ulivyochagua. Dada zako hawamo. Binti za mwenye duka hawamo. Uliwapita wote wenye mtu wa kusimama mlangoni akasema hapana. Huo ndio ujumbe uliotutambia, Babu: ulijua nyumba gani haina mwanamume, ukaenda kuita hapo. Mtu yeyote angeitika.

Nilijaribu kukutafutia udhuru, nisikufiche. Nikajiambia Mzungu alikulazimisha, ungefanyaje? Lakini jumbe wa kijiji cha pili aliambiwa yale yale. Akasema wanawake wake hawatoki. Wakamvua ujumbe, akaishi maskini mpaka kufa kwake, na wajukuu zake leo wananionyesha makaburi ya bibi zao, yote yamo kijijini, nyuma ya msikiti. Kumbe iliwezekana. Kilichotakiwa ni kupungukiwa na koti.

Walioniambia majina ndio walionielekeza Pongwe, penye mashamba ya mkonge, kwa Bi Kibibi. Huyu ni mtoto wa Bi Tatu, yule mjane. Mama yake alipopelekwa mkongeni alifuatana naye, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Bi Kibibi mwenyewe hakurudi tena kijijini, aliolewa na mkata mkonge, akazeekea huko huko. Macho yake hayaoni tena, lakini akili yake imekaa sawa. Nilipojitambulisha kuwa mjukuu wa Jumbe Mbwana aliniuliza kama ulifia kitandani. Nikasema ndiyo, kitandani, watoto wako wamekuzunguka.

"Wenzake hawakupata hata mkeka," akasema.

Ndipo akanieleza. Kambi ya wanawake iliwekwa bondeni, chini ya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, na maji yake machafu yalishuka mpaka kwenye kijito walichonywa. Masika yalipoanza wakashikwa na tumbo, mmoja baada ya mwingine. Nyapara akakuletea habari uje uwachukue watu wako. Na ulikuja! Hilo ndilo lililonitoa jasho, maana nilikuwa bado natumaini hukujua. Ulikuja umepanda lori la shamba, umevaa koti lako, na hukushuka. Ulijifunika pua kwa leso, ukawatazama kutoka juu, ukasema watapona, kazi ya serikali haiachwi njiani. Lori likageuza. Walizikwa pembeni mwa shamba, na kwa kuwa nguo zilikuwa adimu wakati wa vita, walizikwa ndani ya magunia. Wanawake wa Kiislamu, Babu, waliokupikia futari. Bi Tatu alikuwa mmojawao.

Bi Kibibi akaendelea kama mtu anayesema jambo ninalolijua: "Na mkewe naye akamwacha pale pale."

Nikamwuliza mke gani. Akashangaa.

"Mwanahawa. Yule Mdigo. Mama wa Salimu."

Salimu ni baba yangu.

Ulimwambia nini baba yangu kuhusu mama yake? Ngoja nikukumbushe, maana huenda huko uliko umesahau. Ulimwambia alitoroka na mwanamume, wakakimbilia Mombasa, akamwacha yeye hajui hata kutamka jina lake. Alipokosea kitu utotoni ulimwambia ana damu ya kukimbia. Baba hajakanyaga Mombasa maisha yake yote, na sisi ni watu wa mpakani, kila mtu ana ndugu huko. Alikataa mdogo wangu apewe jina la Mwanahawa. Na siku ya harusi yangu, mimi nimekaa na hina mikononi, aliniita pembeni akaniusia nisije nikawa kama bibi yangu. Nilimwahidi. Nilimwahidi baba yangu kwamba sitafanana na mwanamke uliyemtelekeza ndani ya gunia.

Bi Kibibi ndiye aliyeniambia sababu. Wanawake wako walipoitwa walikusanyika kisimani wakakujibu kwamba kama kwenda mkongeni ni heshima, aanze mkeo. Bi Mkubwa hukumgusa, kaka zake walikuwa na mali. Ukamtoa Mwanahawa, ananyonyesha. Ukamfungua mtoto mgongoni mwake mbele ya watu, ukampa Bi Mkubwa. Wengine wakafuata. Ukaitwa mwadilifu. Baadaye ukatangaza kwamba ametoroka kambini, na waliokuona ukimtoa wakaogopa kumwambia baba lolote.

Nikaenda kwa kina Mwanahawa, maana nilitaka kujua nao waliambiwa nini. Wajukuu wa kaka zake wanaikumbuka aibu mpaka leo. Kaka zake walikuja kwako kukuomba radhi kwa ajili ya dada yao aliyekimbia. Walipiga magoti. Uliwapokea, Babu, ukawalisha wali, ukawasamehe.

Katika yote uliyoyafanya, hapo ndipo dharau yangu ilipofika kilele. Habari za kuua kwa woga nimezisoma vitabuni, ni kitu cha watu wengi. Lakini kukaa juu ya kiti, unajua alipo, unawatazama watu wake wakilia kwa haya, halafu ukajipa na sifa ya kusamehe! Hilo hata neno lake sina, na Kiswahili si lugha fupi.

Nilimchukua baba, tukaenda Pongwe. Njiani nilimwambia tunakwenda kumwona mtu aliyemjua mama yake, akataka turudi. Nikamsihi. Tulipofika alimwamkia Bi Kibibi, na yule bibi akampapasa uso mzima, paji, pua, kidevu, kabla ya kumwitikia. Kisha akamwambia yote kama alivyoniambia mimi. Baba alisikiliza hadi mwisho bila kusogea. Mwishowe aliuliza jambo moja tu.

"Alinitaja?"

"Alikuwa akenda nyuma ya kamba za kuanikia singa," Bi Kibibi akamjibu, "akikamua maziwa, yanamwagika chini. Akitwambia, haya ni ya Salimu. Mpaka yakakauka. Na alipolala na ugonjwa akawa kila mtu anamwuliza, Salimu kala nini leo."

Baba akainuka, akatoka uani. Nilimkuta amesimama, ameelekea ukutani, kofia mkononi. Mtu mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Sikumgusa. Alipogeuka aliniomba nimpeleke shambani.

Mjukuu wa Bi Kibibi akatuongoza. Hakuna kitu pale. Shamba limelimwa na kulimwa tena, mkonge umesimama mistari mpaka macho yanachoka, na hakuna ajuaye ni mstari upi umepita juu ya nani. Baba alinyanyua mikono akaomba dua, na nikamsikia kwa mara ya kwanza akilitamka jina la mama yake. Alilitamka vibaya kidogo, kwa kigugumizi, kama mtu anayelijaribu.

Kwenye kikao cha majina ya mitaa nilikuwa nimeandika maelezo yangu, lakini baba aliomba aseme yeye. Alisema bila kupamba: Jumbe Mbwana aliwatoa wanawake wasio na watetezi, aliwaona wanakufa akaondoka, na mmoja wao alikuwa mkewe, kisha akamsingizia kwamba alitoroka. Wengine wakaanza kutoa majina ya bibi zao, sasa kwa sauti ya kawaida. Baba Mkubwa Athumani alikasirika, akasema marehemu hasemwi.

"Na mama yangu mbona alisemwa?" baba akamjibu. "Au yeye hakuwa marehemu?"

Athumani akainuka, akatoka kikaoni. Tangu siku ile hatusalimii, mimi wala baba, na simlaumu sana, kwa kuwa naye ulimlea kwa uongo ule ule, isipokuwa wake ulikuwa mtamu. Watu wa anwani wakasema jina lenye mgogoro haliandikwi, wachague jingine. Wakachagua Mtaa wa Kisimani. Umeshindwa na kisima, Babu. Ningependa kukwambia kwamba njia ile ilipewa majina ya Bi Tatu na wenzake, lakini haikuwa hivyo, na mimi si wewe, sipambi. Majina yao nimeyaandika, naendelea kuyatafuta, na kila nikipata jingine tunalisoma msikitini kabla ya dua. Lako halisomwi.

Sikuchukii, usijivune. Chuki ningempa mtu mwenye ukubwa fulani. Nikikufikiria sasa naona mwanamume amepanda juu ya lori, leso puani, anaogopa harufu ya watu wake mwenyewe, na najiuliza nilikuwa naogopa nini nilipokushikia birika.

Imebaki habari moja, nikuachie. Pale makaburini ulipolazwa uliacha wasia kwamba nafasi ya kulia kwako ni ya Salimu. Juzi baba aliniita na ndugu zangu, akatuusia, na shahidi akiwepo. Akifa tusimlete kwako. Amemwomba mjukuu wa Bi Kibibi sehemu kwenye makaburi ya Pongwe, upande unaotazama shamba la mkonge, na amekubaliwa. Basi hiyo nafasi ya kulia kwako, mtu wake usimngoje. Majani yameshaanza kuota, na hakuna aliyetumwa kuyafyeka.

Kaa na koti lako.

Mimi,
mjukuu wa Mwanahawa